Nilivyolipia kipimo cha ndigana: uzoefu wangu na Malkia

Naanza na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Mwezi uliopita nilitoa shilingi 35,000 kumpima ng'ombe mmoja ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Vioo viwili vya sampuli maabara, 7,000 kila kimoja. Bwana mifugo aliyekuja kutoa sampuli, 15,000. Bodaboda kwenda mjini na kurudi, 6,000. Kwa hiyo anayekwambia "kupima ni elfu saba" hajadanganya, ila hajakueleza hiyo damu inafikaje maabara.

Ng'ombe mwenyewe ni Malkia, chotara wa Frisiani, uzao wa tatu, kilo 400 hivi. Namfuga bandani, huku kwetu chini ya Mlima Meru. Asubuhi hiyo aliacha pumba kwenye hori, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake, na maziwa yakashuka kutoka lita tisa hadi tatu. Kipimajoto kikasoma nyuzi 40.8, homa hiyo.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Kijana wa dukani hakungoja nimalize: "Mama, hiyo ndigana kali. Mpige buparvakwoni." Dozi yake ni mil moja kwa kila kilo 20 za ng'ombe, kwa hiyo Malkia alihitaji mil 20, chupa nzima, shilingi 38,000. Akaweka chupa mbili mezani, ya pili ya kurudia baada ya saa 48. Elfu sabini na sita, na ng'ombe hajamwona hata mkia!

Na ningelipa. Kilichonizuia ni mtamba wangu aliyekufa mwaka juzi. Yule nilimchoma oksitetra, ile antibayotiki, kwa kuwa ni rahisi, nikijipa moyo kwamba ni ndigana baridi, ile nyingine inayotibika kwa dawa hiyo. Kumbe ilikuwa kali, na oksitetra haimponyi ng'ombe aliyekwisha kuzidiwa na ndigana kali. Siku ya tano alianza kutoa mapovu puani, jioni tukachimba shimo. Nikamwambia kijana aniwekee chupa zake, nikampigia simu bwana mifugo.

Alifika saa nne, akaniamkia, kisha akashusha kope ya chini ya Malkia. Ndani palikuwa peupe, panaelekea unjano. Kinyesi kilikuwa kikavu, vipande vipande. Akapapasa tezi la chini ya sikio na lile la mbele ya bega, akasema hayajavimba kivile, kama yanavyovimba kwenye ndigana kali. "Mama, mimi nashuku baridi, lakini nikisema hivyo tu nitakuwa nabahatisha kama wa dukani." Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimeshampa dawa yoyote. Ukishachoma dawa, vimelea hupungua kwenye damu, na hapo unaweza kulipia kioo kisichoonyesha kitu.

Kioo cha kwanza kilikuwa cha damu ya mshipa wa sikio. Tone moja tu, akalisukuma kwa ukingo wa kioo kingine, likatandaa kama ulimi mwembamba. Cha pili kilikuwa cha majimaji ya tezi, aliyoyavuta kwa sindano huku mimi nimemshika Malkia pua. Kisha akasimama pale anavipepea vioo kwa jalada la daftari. Nilidhani anavikausha tu. Kumbe anafukuza nzi pia: wakitua wanailamba damu, unafika maabara na kioo kitupu.

Maabara sina neno na huduma yao. Nilipokelewa, nikalipa kwa simu, nikapewa risiti, nikakaa kwenye benchi kama saa mbili wakati wanapaka vioo rangi na kuvisoma kwa hadubini. Neno langu ni kwenye ile karatasi ya majibu. Mistari mitatu, Kiingereza na Kilatini, na alama za kujumlisha zinazoonyesha wingi wa vimelea. Anaplasma, jumlisha mbili. Theileria kwenye damu, jumlisha moja. Theileria kwenye tezi, hakuna. Nilijua Theileria ndiyo kimelea cha ndigana kali, moyo ukanipasuka, nikatoka nje nimpigie kijana wa dukani kwamba nakuja kuchukua chupa zangu.

Bahati simu yake ilikuwa inatumika. Nikarudi dirishani nikauliza. Dada wa maabara akanieleza vizuri sana: ng'ombe aliyewahi kuugua ndigana kali akapona anaweza kubaki na vimelea vichache kwenye damu muda mrefu bila kuumwa. Cha kutazama ni tezi, maana huko ndiko wanakotafuta vijidude vya buluu vinavyoitwa kwa jina la Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyewahi kuchunguza ng'ombe wagonjwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890. Kwenye tezi la Malkia havikuwepo. Kilichomlaza ni ile Anaplasma, ndigana baridi.

Maelezo hayo ya dakika tano yaliniokolea 76,000, na hayapo kwenye karatasi. Sentensi mbili za Kiswahili pale chini zingewagharimu nini? Nawapa nyota nne, ya tano naibakiza hapo.

Tiba ikawa oksitetra ya kukaa muda mrefu, safari hii kwa uhakika: mil 40, zikagawanywa sehemu nne za shingo. Chupa ya mil 100 ni 11,000, iliyobaki ninayo. Siku ya tatu alianza kucheua. Gharama ambayo hakuna anayeihesabu ni maziwa niliyomwaga siku zote zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, na mteja wangu mmoja wa hotelini aliyehamia kwa jirani. Sasa amerudi lita nane.

Maabara hawafungui Jumamosi, na mnyama haugui kwa kalenda. Bwana mifugo anasema ng'ombe akilala Ijumaa jioni, vioo vitolewe kabla ya dawa, vikauke kabisa, vifungwe kwenye karatasi safi mbali na nzi, halafu atibiwe kwa dalili huku vioo vikisubiri Jumatatu. Nimenunua boksi langu la vioo 50. Sindano ya tezi namwachia bwana mifugo mwenyewe.