Majibu ya damu yalikuwa mazuri, mama akaanguka tena

Wakati wa baridi ya mwaka jana nilimleta mama mzazi kutoka Tukuyu hadi kituo kimoja cha afya hapa Mbeya mjini, kwa sababu alikuwa amezimia akiwa ameketi akimenya ndizi, bila kizunguzungu wala jasho la kumtahadharisha, akajigonga paji la uso kwenye kinu. Kuzimia kwa namna hiyo, ghafla na mtu akiwa amekaa, ndiko kunakomfanya daktari aushuku moyo, lakini pale hakuna aliyemuuliza alianguka vipi. Tulielekezwa dirisha la malipo, kisha maabara, akatolewa damu ya kupima wingi wa damu, sukari, madini ya potasiamu, na troponini, ambayo tuliambiwa ndiyo kipimo cha moyo.

Majibu yalitoka mazuri. Nilipouliza kwa adabu kama mama hatapimwa umeme wa moyo, mhudumu aliyeshika karatasi zetu hakuinua hata macho. "Dada, moyo umeshapimwa, majibu si hayo? Mpishe mwenzako." Mama, ambaye kwa umri wake kila aliyekuwa mle ndani alipaswa kumwamkia shikamoo, akasogezwa kama mzigo ulioziba mlango. Hilo sijalisamehe.

Troponini huvuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, tena huchukua saa kadhaa kupanda. Moyo ambao misuli yake ni mizima lakini njia zake za umeme zina hitilafu unaweza kupita kipimo hicho bila kugundulika. Siku chache baadaye mama alianguka tena. Hospitali nyingine ilimbandika nyaya kifuani, na baada ya dakika chache karatasi ikaonyesha kwamba umeme wa vyumba vya juu vya moyo haufiki vya chini. Tulipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akawekewa betri ya moyo.

Nilikusudia kuandika kwamba maabara ile haifai kabisa. Hata hivyo, daktari wa hospitali ya pili aliyaomba majibu yale, akayasoma mstari kwa mstari, akasema yanampunguzia mambo ya kutafuta, kwa kuwa upungufu wa damu nao huangusha mtu na potasiamu ikizidi au ikipungua mno huvuruga mapigo ya moyo. Damu waliipima vizuri, siwezi kulikana hilo, na pengine ningerudi kupima damu tu. Hapana, hata damu sirudi, mpaka yule mhudumu amwombe mama radhi.