Mipira ya dripu niliyomnunulia mama: mipira safi, chujio bovu

Mipira hii, inayodondosha maji tone kwa tone penye mmea, niliinunua Januari katika duka moja la vifaa vya kilimo pale Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi. Shilingi 14,500: mipira 15 ya mita 15 kila mmoja, yenye tundu kila sentimita 30, bomba kuu, viungio, koki na chujio. Tangi la lita 500 tulikuwa nalo.

Mama anaishi Kiambu, mahali ambapo utotoni mwangu kulikuwa na kahawa mpaka macho yachoke. Sasa majirani wameing'oa wakajenga nyumba za kupangisha. Kwake imebaki ploti ya futi hamsini kwa mia, na wengi walimwambia auze. Ila wapangaji hao hao wanakula kila jioni! Tukafunga mipira kwenye nusu ya ploti, tangi tukaliinua mita moja kwa mawe ili maji yashuke yenyewe. Tangi moja asubuhi, moja jioni. Mboga za managu na terere zilistawi katikati ya kiangazi, wakati sokoni fungu linapungua na bei inapanda. Magugu nayo ni machache, kwa kuwa maji yanaangukia shina tu. Mgongo wa mama umepumzika kubeba ndoo, na hilo kwangu lina thamani kuliko pesa niliyotoa.

Sasa chujio. Wiki ya tatu mama alinipigia: "Mwanangu, mistari ya mwisho inakauka." Nilipofika nikakuta wavu wa chujio umechanika na tope la kisima limeziba matundu. Dukani wakaniambia chujio halina warantii. Iliniudhi sana, maana waliponiuzia hawakuniuliza hata maji yanatoka wapi. Anayeuza kitu hiki kwa mkulima mdogo anapaswa kuuliza hilo kwanza. Nilinunua kwingine chujio la visahani, yaani lenye visahani vilivyobanwa pamoja badala ya wavu, kwa shilingi 900, tukafungua ncha ya kila mpira tukaacha maji yakimbie mpaka yatoke meupe. Mama hurudia hivyo kila Jumamosi, na mistari haijakauka tena.

Mipira yenyewe naipa nyota tano, duka nyota mbili. Ukienda, chukua mipira, chujio waachie. Na kama maji yako ni ya kisima, yaache yatulie tangini usiku kucha kabla ya kufungua koki.