Uzoefu wangu: websaiti ya biashara ndogo, kilichonilipa na ambacho hakijanilipa

Mimi ni fundi friji na mashine za kufulia, namfuata mteja nyumbani kwake. Nimekaa na websaiti ya WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, muda wa kutosha sasa, pamoja na ule wasifu wa biashara wa Google unaotokea kwenye ramani, na naandika haya kwa ajili ya mwenye kazi kama yangu, awe fundi, mshonaji, mwenye saluni, yeyote ambaye wateja wake wako maeneo ya karibu na sio dunia nzima, maana wanaouza huduma ya kutengeneza websaiti wanaongea mengi na mengine hayapo kabisa.

Cha kwanza mjue, websaiti haikuletei mtu asiye na shida. Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo nisome habari za mafundi friji, anatafuta siku friji imegoma na vitu vinaharibika ndani, na hapo ana haraka, ana wasiwasi wa kupigwa hela, alafu anatafuta kwa maneno yake mwenyewe. Haandiki "huduma bora za ukarabati wa majokofu". Anaandika "friji inaunguruma ila haipozi". Websaiti nyingi za mafundi wenzangu zina lile neno la kwanza tu, ukurasa mmoja mzuri wenye picha za kuteleza teleza na "karibu sana tukuhudumie", basi, mtu anaangalia anatoka.

Nilichofanya mimi ni kurudi kwenye chati zangu za WhatsApp na kunakili vile watu wanavyoelezea tatizo, neno kwa neno, na kila tatizo linalojirudia nikalipatia ukurasa wake. Friji juu inagandisha chini haipozi. Mashine haitoi maji. Mashine inatembea yenyewe ikianza kukamua. Kwenye kila ukurasa naeleza inasababishwa na nini na mtu aangalie nini kabla hajanipigia. Mfano hiyo ya juu kugandisha chini kukawa na joto, kwenye friji zisizoshika barafu mara nyingi mfumo wa kuyeyusha barafu kule nyuma umekufa, barafu inajaa inaziba njia ya hewa, ubaridi haushuki, lakini wakati mwingine ni mtu amepanga vitu hadi vimefunika matundu ya hewa, au mpira wa mlango umelegea. Namwambia ashike karatasi mlangoni, afunge, avute, ikitoka kirahisi tu aanzie hapo.

Kuna watu wameniambia nagawa ujuzi bure. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Yule ambaye shida yake inaisha kwa kusafisha kichujio cha mashine kilichojaa sarafu na pini, hata ningeenda kwake angebaki ananung'unika kwamba nimemlipisha kwa kazi ya dakika mbili, na wale wengine wote wakinipigia wanakuwa wameshasoma, wanajua naelewa kazi, bei haigombaniwi sana. Hii ndio faida kubwa kuliko zote niliyoiona na hakuna aliyeniuzia websaiti aliyenitajia.

Kujua watu wanatafuta nini natumia Google Search Console, ya bure, inakuonyesha maneno yaliyomleta mtu au hata yale uliyotokea ila hakubofya. Hapo ndipo nilipoona kuna watu wanaulizia mashine mpya kutingishika vibaya. Nikaandika ukurasa kuhusu zile boliti za kusafirishia zinazofungwa nyuma ya mashine za mlango wa mbele, ukisahau kuzitoa kabla ya kuwasha inapiga ngoma nyumba nzima na inaweza kuharibika. Ukurasa mfupi tu ule, na wengi wanaoanzia pale wananihifadhi namba, alafu wananitafuta baadae kwa shida nyingine.

Wasifu wa Google sasa. Zamani ulikuwa unaitwa Google My Business, jina likabadilishwa 2021 ukawa Google Business Profile, ni bure, na kama huna websaiti kabisa anzia huku. Kama wewe ni wa kwenda kwa wateja huhitaji kuonyesha anwani ya nyumbani kwako, unaificha unaweka maeneo unayohudumia, wengi hawajui hili wanaishia kuanika nyumba zao kwenye ramani. Google wenyewe wanasema matokeo ya karibu yanapangwa kwa kuangalia unachofanya kinaendanaje na kilichotafutwa, umbali, na unavyojulikana, na kwamba hakuna kulipia ili upande juu. Kwaiyo akija mtu anakuuzia "namba moja Google uhakika", muache aende zake, hakuna anayeweza kukuhakikishia hiyo.

Rivyu, yaani maoni ya wateja kwenye huo wasifu, naomba kila nikimaliza kazi, namtumia mteja linki hapo hapo kifaa kikiwa kinafanya kazi mbele yake, akifika kesho ameshasahau. Usitoe punguzo wala zawadi ili uandikiwe, ni kinyume na masharti yao. Na za lawama zijibu kwa upole, anayesoma jibu lako ni mteja ajaye kuliko yule aliyelalamika.

Swali ninaloulizwa sana ni kwa nini basi nisibaki na ramani na ukurasa wa Facebook tu. Jibu langu ni kwamba kule wewe ni mpangaji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote kwa pamoja kama masaa sita, mwenye biashara aliyekuwa huko tu hakuonekana popote. Na zile websaiti ndogo za bure ambazo Google walikuwa wanaruhusu utengeneze ndani ya wasifu, Machi 2024 zilifungwa. Domeini yako, yaani jina la anwani ya websaiti, ikiwepo unabadilisha vingine vyote na jina linabaki. Ila isajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, nywila unayo wewe. Fundi mwenzangu alitengenezewa na kijana ambaye alisajili kwa jina lake mwenyewe, wakaja kukosana kwenye malipo na jina ambalo lilikuwa limeshabandikwa hadi kwenye gari likaenda hivyo hivyo.

WordPress yenyewe naipenda kwa sababu programu ni ya bure na huria, ipo toka 2003, ukikwama unapata maelezo kila mahali. Lakini sitaki kumdanganya mtu, inataka uangalizi. Plagini, vile viprogramu vya kuongezea kazi kwenye websaiti, zinataka kusasishwa, zilizoachwa zimezeeka ndio mlango wa wadukuzi, na ukizijaza nyingi websaiti inakuwa nzito. Mimi nimebaki na chache sana na nakala ya akiba inajitengeneza yenyewe. Kama huna muda wa kukaa nayo hata mara moja moja, chukua zile huduma ambazo wao wenyewe wanakuangalizia kila kitu, utalipia zaidi na uhuru utapungua lakini utalala.

Uzito ni jambo la kufa na kupona kwetu sisi. Mteja yuko kwenye simu, bando linaisha, ukurasa ukichelewa anarudi nyuma anafungua wa mwingine. Picha ya simu ikiwekwa kama ilivyo ina MB kadhaa, ipunguzwe kwanza. PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, itakuonyesha bure nini kinachelewesha, na soma matokeo ya simu, sio ya kompyuta, hata Google wanatumia toleo la simu kuipima websaiti yako.

Kitu kidogo chenye faida kubwa: kitufe cha WhatsApp. Ni linki ya wa.me ikifuatiwa na namba yako yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, na unaweza kuweka ujumbe tayari ndani yake. Wa kwangu unatokea umeandikwa aina ya kifaa, tatizo, eneo, mteja anajaza tu. Zamani ilikuwa habari, nzuri, wewe ni fundi, ndio, upo, nipo, hadi kufika kwenye tatizo mtu ameshapoa.

Cheti cha usalama kile cha kufuli kidogo usikubali kuuziwa kwa bei ya juu, shirika la Let's Encrypt wanatoa bure na hosti nyingi, yaani kampuni zinazohifadhi websaiti, zinakuwekea na kukihuisha zenyewe. Usikose kuwa nacho tu, maana Chrome toka 2018 inamwonya mtu kwamba ukurasa usio nacho sio salama, na mteja mwoga anaondoka hapo hapo.

Ambavyo havikunilipa: roboti ya kuchati, makala za jumla jumla, ukurasa mrefu wa kuhusu sisi. Nimevitoa vyote.

Na kila anayepiga namuuliza amenipata wapi, naandika kwenye daftari. Wengi bado wanatoka kwa watu niliowafanyia kazi, sio intaneti, ila ukiwadodosa utasikia walipewa jina langu wakaenda kuangalia websaiti na rivyu kwanza ndio wakapiga. Hao hutawaona kwenye takwimu yoyote, bila kuuliza kwa mdomo ningeshasema websaiti haileti kitu.

Hosti ya mwanzo nilihama, ilikuwa inazima zima usiku na msaada wao haujibu. Nilibeba mafaili na databesi nikaweka kwingine, domeini ile ile, kurasa zile zile, na kwenye Google sikushuka.