Mkeka wa sponji wa gramu 369: uzoefu wangu kutoka Nakuru hadi Elgon

Nauza nafaka hapa Nakuru, kwa hiyo mizani si kitu cha kutafuta. Mkeka ulipoletwa na mtu wa boda, kabla hata sijaukunjua niliuweka juu ya ile mizani ya dijitali ninayopimia ndengu. Mteja aliyekuwa akingoja kilo zake mbili za maharagwe akaniuliza kama siku hizi nauza na magodoro. Gramu 430. Muuzaji alikuwa ameandika 400. Gramu 30 ni ndengu za kujaza kiganja, si neno, ila mimi uzito wa uongo hunikera hata pale ambapo nimezidishiwa badala ya kupunjwa.

Ni ile mikeka ya kupandia milima, inayokunjwa mbele na nyuma kama ramani ya karatasi. Una mapande 14, kila pande lina vinundu na vibonde kama trei ya mayai, na upande mmoja umepakwa rangi ya fedha. Urefu sentimita 183, upana 51, unene kama sentimita 2. Umbo lake limeigwa bila haya kutoka kwa Z Lite Sol, mkeka wa kampuni ya Therm-a-Rest, ambayo yenyewe ina gramu 410. Wangu hauna jina la kampuni unaloweza kulikumbuka kesho. Nilinunua mtandaoni kwa shilingi 2,900 pamoja na kuletewa mlangoni.

Kabla ya huu nimepitia mikeka miwili. Wa kwanza ulikuwa mkeka wa mazoezi wa supamaketi, mnene wa sentimita nzima na laini ukiuminya kwa kidole. Hapo kwenye kidole ndipo uliponipata. Kidole si nyonga. Nilikwenda kulala nao juu ya Menengai mwezi wa Julai, na Julai ya Nakuru mnaijua. Kila nilipogeukia ubavu, nyonga ilizama hadi ardhini, na baridi ikaingia kupitia hapohapo. Niliporudi nikaupima: gramu 980. Karibu kilo nzima ya kubebea kitu kisichonisaidia.

Wa pili ulikuwa wa kujaza hewa. Niliupata kwenye mitumba Kibuye nilipokwenda Kisumu kumwona dada yangu, na sitasema uongo, wa hewa ni mtamu. Usiku wa kwanza nililala hadi wenzangu wakaja kunitikisa. Usiku wa tatu tulikuwa Elementaita, chini ya migunga, na anayeijua migunga ameshajua kilichofuata. Saa nane usiku nikausikia mgongo ukishuka polepole, kama lifti ya jengo la zamani, mpaka nikafika chini. Fundi wa pancha hapa mtaani alinibandikia kiraka cha baiskeli. Kikashika wiki moja, kikaachia. Pengine kuna gundi nzuri zaidi, lakini nilikuwa nimeshachoka kulala nikisikiliza kama kuna hewa inayotoka.

Ndipo nikaanza kuuliza nilichopaswa kuuliza mwanzoni: huu mkeka kazi yake hasa ni nini? Nilikuwa nikitafuta ulaini, kama vile nanunua godoro dogo. Kumbe mlimani ulaini unakuja baadaye. Mfuko wa kulalia, hata uwe wa bei gani, ile sehemu ya chini umeilalia. Pamba yake imebanwa, hewa iliyokuwa ndani yake imetoka, na hewa ndiyo iliyokuwa ikitunza joto. Kwa hiyo kinachobaki kati ya mgongo wako na mlima ni mkeka tu. Ardhi hukunyonya usiku kucha, na wala hutetemeki mara moja ukajua. Unaamka saa tisa mifupa imeingia baridi na usingizi haurudi.

Sponji hizi nazo si ndugu. Ile ya godoro la nyumbani vitundu vyake vimefunguka, hewa inapita, na maji yakipata nafasi yanapita. Ya mkeka wa mlimani ni vipovu vilivyofungwa, kila kimoja kimefungiwa hewa yake humo ndani. Ni jamii moja na sponji ya zile sandali nyepesi zinazoelea mtoni. Nilikata kipande cha godoro kuukuu na kipande cha mkeka (nitaeleza nilikitoa wapi), nikavitumbukiza kwenye beseni na kuvikandamiza kwa jiwe kwa saa moja. Cha godoro kilitoka kizito kama kitambaa cha kupigia deki. Cha mkeka nilikikung'uta mara mbili, nikakipangusa kwa leso, basi. Ukienda kulala msitu wa Kakamega, ambako hata hema likiwa kavu hewa yenyewe ni maji, utaona umuhimu wa hilo.

Kuhusu joto, kuna namba inayoitwa R. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo mkeka unavyolichelewesha joto lako kutoroka. Zamani kila kampuni ilijipimia ilivyopenda. Mwaka 2018 ukatolewa utaratibu mmoja, ASTM F3340, ndipo mikeka ikaanza kulinganishika. Z Lite Sol ina R 2.0. Switchback ya kampuni ya Nemo, yenye gramu 415, nayo ni R 2.0. Karatasi iliyokuja na mkeka wangu imeandikwa namba kubwa zaidi ya hizo, bila kusema imepimwa kwa utaratibu gani. Unene uleule, sponji ya aina ileile, halafu bei ndogo, joto la ziada limetoka wapi? Mimi nauhesabia mbili, pengine pungufu kidogo, na navaa nguo kwa hesabu hiyo. Uzuri ni kwamba namba hizi hujumlishwa: ukitandika mkeka juu ya mkeka, R zao zinaongezana. Rangi ya fedha wanasema iwe juu ili irudishe joto mwilini. Nimelalia pande zote mbili, na mwili wangu haukugundua tofauti.

Nilianzia nyumbani, sakafuni, usiku tatu mfululizo juu ya saruji. Mzee wangu alisimama mlangoni akauliza, "Umejifukuza kitandani au nimekukosea?" Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Mimi hulala ubavu, na sentimita 2 za sponji hazifichi nyonga ya mama wa watoto watatu. Lakini nilipoamka nikagusa saruji kando ya mkeka, ilikuwa kama jiwe la mtoni. Nikaingiza mkono chini ya mkeka pale nilipolala: vuguvugu kidogo tu. Maana yake joto langu lilikuwa limebaki juu, kwangu. Usiku wa pili nikaweka sweta lililokunjwa chini ya magoti na kulala chali. Wa tatu nilisahau kama niko sakafuni.

Safari yenyewe ilikuwa mlima Elgon, ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, wanawake sita wa kundi letu la kutembea. Pale steji ya Nakuru, gari la Kitale, makanga aliutazama mkeka uliofungwa juu ya shanta langu akasema, "Mathe, hiyo godoro inalipiwa kiti." Nikauchomoa, nikaukalia. Akakosa la kusema. Hadi Eldoret nilikuwa nimekaa vizuri kuliko abiria wote, kwa sababu viti vya gari lile vilikuwa vimebaki chuma na kumbukumbu.

Tukapitia Endebess, tukaingilia lango la Chorlim, tukapewa askari wa wanyamapori wa kutusindikiza, maana kule kuna nyati, na ndovu wa Elgon ni wale wanaoingia mapangoni usiku kulamba chumvi ya miamba. Usiku wa kwanza tulilala chini msituni, haukuwa na habari. Wa pili tulilala karibu na mahali barabara ya magari inapoishia, kama mita 3,500. Fanya hesabu: kila ukipanda mita 1000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Nakuru iko mita 1,850 hivi. Ukifika kambini umeshapoteza nyuzi kumi za nyumbani, na jua bado halijazama.

Niliingia kwenye mfuko saa tatu, soksi mbili, kofia ya sufu. Niliamka mara moja, saa saba na nusu, na iliyoniamsha ni nyonga. Nikageuka, nikasikiliza upepo ukipiga hema, nikangoja ile baridi ya chini ninayoijua tangu Menengai. Haikuja. Pua ilikuwa barafu, lakini mgongo ulikuwa salama. Mwenzangu niliyelala naye hema moja alikuwa ametandika blanketi zito la Kimasai, kalikunja mara mbili, na kulipokucha alikuwa ameketi kakumbatia magoti. Blanketi lilikuwa limelowa upande wa chini. Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, zinalia chini ya buti kama mtu anatafuna karanga. Nilimpa mkeka wangu aukalie huku uji ukichemka, na ilibidi nimwombe mara tatu ndipo aurudishe. Siku hiyo tulifika kilele cha Koitobos, mita 4,222, lakini hayo ni maneno mengine.

Ubaya wake upo, na wa kwanza ni ukubwa. Ni mwepesi lakini unajaa. Ukikunjwa ni kama mkate wa familia mara mbili, hauingii ndani ya shanta, kwa hiyo unakaa nje unanasa kila kichaka na kila mbegu ya nyasi. Zile mbegu huingia kwenye vibonde, nami huzitoa kwa kijiti cha meno nikiwa dukani wateja wakiwa wachache. Pili, upepo unaupenda. Kule juu niliuacha sekunde tu nifunge kamba ya hema, ukaruka mita thelathini, askari akaukanyaga kwa buti kabla haujateremka bondeni. "Dada, shuka lako linataka kwenda Uganda," akaniambia. Tatu, ulinuka wiki nzima, harufu ya viatu vipya vya plastiki, mpaka nilipouanika kivulini. Usiuanike kwenye jua kali wala kuusahau ndani ya gari lililofungwa madirisha. Sponji hii na joto kali hawapatani.

Na unachoka. Baada ya usiku ishirini na kitu, vinundu vya mapande mawili ya nyonga vimelala, ukivipapasa unasikia kabisa. Naamini hata ile ya majina makubwa nayo hufanya hivyo kwa muda wake, kwa kuwa sponji ni sponji. Mimi hugeuza kichwa kuwa miguuni kila safari ili uchakae sawasawa. Kwa upande mwingine, cheche ya moto ilirukia pande la tano ikatoboa tundu la ukubwa wa punje ya maharagwe. Nililitazama, nikalala. Ule wa hewa ungekuwa umeshazikwa.

Kama nyonga zako au mgongo una historia, usiniige. Nunua wa hewa mzuri na utandike huu chini yake, ukizuia miiba na kuongeza joto. Kama safari zako ni za kando ya ziwa, hifadhi pesa zako. Kisumu iko mita 1,131 tu, na dada yangu hulalia mkeka wa mafunjo wa Dunga barazani akilalamikia mbu, si baridi. Lakini kwa Elgon, Cherangani na Mau, kwa mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe, mimi sirudi kwa kitu kinachohitaji kupulizwa.

Sasa kile kipande cha majaribio. Nina urefu wa sentimita 158, mkeka una 183. Nikachukua kisu cha mkate nikakata mapande mawili kwenye mkunjo. Zimebaki sentimita 157, na kisigino kina soksi. Gramu 369. Nikaupima mara mbili kwa raha tu. Pande moja nilikata ncha yake kwa ajili ya beseni, na lililobaki liko kwenye benchi la duka, wateja wazee hulikimbilia. La pili nilimpelekea mama yangu kule Njoro, hupigia magoti akipalilia sukuma wiki, na anasema tangu alipate haoni sababu ya kwenda kwa daktari wa mifupa. Jumapili iliyopita akanipigia simu, jirani yake naye anataka. Nimemwambia nikikata tena, itabidi na mimi nikatwe.