Saa Mbili Dukani, Dakika Hamsini Katika Kasri la Wafalme wa China

Nimesita kuandika haya, kwa sababu kila nikiikumbuka siku ile hasira hunipanda upya. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili wa Afrika Mashariki tunaosoma China, na tulijinyima kwa miezi kadhaa ili twende Beijing kuliona Kasri la Kifalme, ambalo Wachina huliita Gugong. Kampuni ya utalii ilituahidi nusu siku ndani ya kasri. Badala yake tulipelekwa kwenye duka la lulu, tukakalishwa humo saa mbili nzima tukitazama chaza wakipasuliwa.

Tulipofika lango la Wumen ilikuwa alasiri ya baridi kali, na muda wa kufunga ulikuwa umekaribia. Mwongozaji aliinua kibendera chake, akawasha kipaza sauti, akaanza kutukimbiza. Pale wageni huingia kusini na kutokea kaskazini, kwenye lango la Shenwumen, na ukishatoka huruhusiwi kurudi. Kwa hiyo kila ukumbi tulioupita mbio tuliupoteza.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Mfalme Yongle, aliyeamuru kasri hilo lijengwe kuanzia mwaka 1406, ndiye aliyepelekewa twiga kutoka kwetu mwaka 1415, mafundi wakiwa bado kazini, na mnyama huyo akapokewa kama qilin, kiumbe wa baraka katika masimulizi yao. Nilimuuliza mwongozaji kama kuna mahali popote humo panapomtaja twiga huyo. Alinigeuzia kipaza sauti na kuniambia, mbele ya umati, kwamba sikuja pale kufanya utafiti na kwamba nawachelewesha wenzangu. Nililipa pesa yangu ili nifokewe!

Huenda naye alikuwa akibanwa na mwajiri wake, na hilo ningeweza kumsamehe. Lile la kipaza sauti siwezi.

Karibu na lango la Qianqing nilijitenga na kundi, nikasimama kando ya mtungi mmoja mkubwa wa shaba. Mitungi hiyo ilijazwa maji ya kuzimia moto, maana kumbi zile ni za mbao. Dhahabu iliyoupaka imekwanguliwa, ikabaki mikwaruzo myembamba iliyosongamana, ambayo huelezwa kuwa ni kazi ya wanajeshi wa kigeni walioivamia Beijing mwaka 1900. Mlinzi mmoja mzee aliniona, akaifuata mikwaruzo ile kwa kidole bila kuigusa, kisha akainama kunionyesha mahali palipowashwa mkaa wakati wa baridi ili maji yasigande. Kichina changu ni cha darasani, lakini nilimwelewa mzee yule kuliko nilivyomwelewa mwongozaji siku nzima.

Nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba kasri hili lisitembelewe kwa kundi kabisa. Sasa sina hakika, kwa kuwa peke yangu nisingeimudu safari ile. Hapana, bado nasema: ratiba ikitaja duka, msilipe. Wekeni nafasi wenyewe mapema kwa pasipoti zenu, mfike asubuhi, na msiende Jumatatu, kwani kwa kawaida hufungwa.

Tulipotoka Shenwumen, mwongozaji alituomba bahashishi. Wenzangu walimpa. Mimi nilibaki nikiyatazama mapaa yale ya vigae vya njano mpaka basi likapiga honi.