Vichupa 5 vya vipodozi vya binti wa miaka 11: kipi kibaki, kipi kitoke

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo vitu vilivyo mezani si vyangu. Ni vya mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, na ameniruhusu niwaonyeshe mradi yeye mwenyewe asionekane. Wiki tatu zilizopita alikuja kwangu mashavu yamemwiva, na pembeni ya pua ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo. Akaenda kunawa, mara namsikia analalamika: "Mama mdogo, yanachoma!" Nikakimbilia bafuni. Ni maji matupu ya bomba. Maji yakishamchoma mtoto usoni, ujue ngozi ile ya juu inayomkinga imeshaharibika. Nikamwomba aniletee kila anachopaka.

Tuanze na hiki cha kahawia. Sogeza kamera kidogo, lebo isomeke: seramu, yaani kimiminika kizito cha kupaka matone machache usoni, ya retinoli, asilimia 0.5. Retinoli ni jamii ya vitamini A, na kazi yake ni kuisukuma ngozi ijivue upesi na kujenga upya ule uimara unaopungua kadiri umri unavyokwenda. Mtu wa miaka 45 mwenye makunyanzi ana sababu ya kuitafuta. Ngozi ya mtoto wa miaka 11 inajivua haraka yenyewe, haina makunyanzi, haijapungukiwa kitu. Dawa inakuta kazi imeshafanyika, kinachobaki ni madhara tu: ukavu, wekundu, kuwashwa, na ngozi kuungua jua kirahisi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa retinoli ya kupaka usoni, na hicho ni kikomo cha kila mtu, watu wazima wakiwemo. Hiki kimepita hapo. Kwa mtoto nakipa sifuri, na ningekuwa na namba ya chini zaidi ningeitumia.

Naomba hapa nieleweke. Kuna watoto wa umri huu wana chunusi za kweli, kwa sababu balehe imeanza. Daktari wa ngozi anaweza kumwandikia hata dawa za jamii hiyohiyo ya vitamini A. Hiyo ni tiba, ina kipimo na kuna mtu anayefuatilia. Binti yetu hakuwa na hata kipele kimoja.

Cha pili ni tona, maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, yenye asidi ya glaikoliki asilimia 7. Hii inalegeza gundi inayoshikanisha chembe zilizokufa juu ya ngozi ili zitoke. Sasa hebu fikirieni: usiku anapaka tona hii, palepale juu yake anaweka retinoli. Viwili vyote vinabandua, kila siku, kwenye uso wa mtoto. Cha tatu ni vitamini C, nacho ni kikali na ni cha ngozi iliyokwisha kupigwa na miaka. Sitakaa nacho, kinatoka.

Hiki cha nne ndicho nataka tukae nacho. Ni krimu. Angalieni kifuniko, rangi ya waridi iliyokolea. Bonyeza juu... mmeona? Krimu inachomoza katikati kama kitufe, halafu kitako kinapanda kidogo. Mimi mwenyewe nimeshabonyeza mara kadhaa, inapendeza mno. Binti ananiambia wenzake wanakamua hii kiganjani, wanadondoshea seramu mbilitatu, wanakoroga kwa kidole, kisha wanajipaka huku wanajirekodi. Huo ni mchezo wa kupikapika, ule tuliocheza sote, ila hapa chungu ni uso. Krimu yenyewe si mbaya, ina seramaidi, mafuta ambayo ngozi inayo kiasili. Tatizo ni manukato. Ukigeuza nyuma utaona yametajwa mwishoni kwa maandishi madogo. Ngozi iliyochubuka ikikutana nayo kila siku inaweza kujenga mzio, na mzio wa ngozi wa namna hiyo ukishaingia unaweza kukaa na mtu maisha yake yote.

Cha tano ni sabuni ya uso ya maji, haina harufu, haina povu jingi. Nzuri. Hii ibaki.

Mmeona kilichokosekana? Sanskrini, krimu ya kukinga jua! Vichupa vitano, viwili vinaifanya ngozi iwe dhaifu mbele ya jua, na hakuna hata kimoja cha kuzuia jua. Wala si yeye peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipitia video 100 za TikTok za wasichana wa miaka 7 hadi 18, matokeo yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la Pediatrics. Kwa wastani kila mmoja alijipaka vitu sita, na katika taratibu za mchana, zilizokuwa na sanskrini ni asilimia 26 tu. Nchini Sweden, maduka ya dawa ya Apotek Hjärtat yaliamua mwaka 2024 kutowauzia walio chini ya miaka 15 vipodozi vikali vya namna hii, isipokuwa mzazi akiridhia au mtoto ana tatizo la ngozi. Naunga mkono kabisa.

Dada yangu alitaka vyote viende jalalani usiku uleule. Nikamwambia tungoje, nikamuuliza mtoto: unapopaka, unapenda nini hasa? Akafikiri. Akasema anapenda kwamba yeye na rafiki zake wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Basi tukabakiza sabuni tu, tukaongeza losheni isiyo na manukato na sanskrini ya SPF 30, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua. Vitatu basi. Wekundu ulichukua kama siku kumi kutulia. Sanskrini anapima mwenyewe, mistari miwili kwenye vidole viwili, hivi, ndiyo inayotosha uso na shingo. Juzi nilimkuta kwenye simu anamwonyesha mwenzake: "Hapana, ongeza, mpaka ncha ya kidole."