Redmine, Mantis au OpenProject: uliza kwanza picha zinakaa wapi

Malalamiko yanayotoka kwa vikundi vya waandaaji programu hapa Tanga, hasa wanaohudumia SACCOS, zahanati na mashamba ya mkonge, siku hizi ni ya aina moja. Kompyuta ya ofisi imekufa, fundi amerudisha data kwenye mashine nyingine, tiketi zote (rekodi za kazi na hitilafu) zipo na maelezo yake, ila ukibofya picha ya skrini aliyotuma mteja unapata 404, yaani faili halipatikani. Kosa lenyewe lilionekana kwenye picha ile tu.

Kwa hiyo sitahesabu hapa nani ana ripoti nyingi wala nani ana mbao za kazi zenye rangi nzuri. Kabla ya kuweka programu ya kufuatilia kazi na hitilafu kama Redmine, Mantis au OpenProject kwenye seva yako, uliza viambatanisho, yaani picha na faili zinazopandishwa kwenye tiketi, vinahifadhiwa wapi. Muuzaji hakwambii, na usipouliza utakuja kujua siku ya msiba.

1. Redmine. Nasema mapema kwamba naipendelea. Kwa kipimo changu mwenyewe, yaani picha zinakaa wapi, Mantis ingeshinda, lakini Redmine ina chati ya Gantt (ratiba ya kazi kwa mistari), saa za kazi, wiki (kurasa za maelezo), na haki zinazogawiwa mradi kwa mradi, hivyo mteja wa Muheza haoni tiketi za mteja wa Pangani. Ipo tangu 2006, ni ya bure, na kikundi kidogo kinaiendesha vizuri kwenye kompyuta ndogo ya mtumba yenye RAM ya GB 4.

Tatizo lake ni kwamba hifadhidata inabeba taarifa za faili tu, faili lenyewe liko kwenye folda ya `files`. Ukichukua nakala ya hifadhidata peke yake, umebeba nusu ya mzigo. Chukua vyote viwili, na kwa mpangilio huu: kwanza `pg_dump -Fc` (nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL), halafu `tar` ya `files` (folda nzima ndani ya faili moja). Ukianza na folda, picha itakayopandishwa katikati itatajwa kwenye hifadhidata bila kuwemo kwenye nakala. Ukianza na hifadhidata, kibaya zaidi utabaki na faili lisilo na tiketi, na hilo halimuumizi mtu. Ukirejesha, hakikisha `files` inamilikiwa na mtumiaji anayeendesha Redmine, la sivyo tiketi zitafunguka ila kupandisha picha mpya kutagoma.

Wanaotumia Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena lililotengwa, wawe macho. Ukiwasha Redmine bila kuipa hifadhidata, itajitengenezea hifadhidata ndogo ya SQLite ndani ya kontena, na kontena likifutwa nayo imekwenda. Weka PostgreSQL pembeni, kisha zipe majina volyumu mbili (sehemu za kuhifadhi zinazobaki kontena likifutwa), moja ya data ya PostgreSQL na nyingine ya `/usr/src/redmine/files`. Na ile amri ya `docker compose down -v` usiizoee, maana hiyo `-v` inafuta volyumu zenyewe.

Kuhusu ukubwa, Redmine inaanza na kikomo cha KB 5120 kwa faili, lakini ukiweka nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi kwanza) mbele yake, nginx inakataa chochote kinachozidi MB 1 na kurudisha kosa 413, yaani faili ni kubwa mno. Watu huhangaika na mipangilio ya Redmine siku nzima wakati kinachotakiwa ni `client_max_body_size 20m;` kwenye nginx, kisha kupandisha kikomo cha Redmine kilingane.

Ratiba ya nakala nayo ina mtego. Ofisi nyingi za Ngamiani huzima kila kitu jioni, hivyo cron (ratiba ya amri zinazojiendesha) ya usiku wa manane haifanyi kazi hata mara moja. Iweke saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula: `0 13 * * *`. Ukiandika 7 itaanza saa moja asubuhi, mlango bado umefungwa. Seva iwe kwenye saa za `Africa/Dar_es_Salaam`, na kama jina la faili lina tarehe, alama ya `%` ndani ya crontab (faili la ratiba hiyo) itanguliwe na `\`, la sivyo amri inakatika hapo hapo.

2. MantisBT. Kwa kufuatilia hitilafu tu, inatosha kabisa. Kwa mpangilio wake wa kawaida picha zinaingia ndani ya hifadhidata, kwa hiyo dampo moja (nakala ya hifadhidata) pamoja na faili la mipangilio `config_inc.php` vinabeba kila kitu. Lakini PHP, lugha inayoendesha Mantis, inaanza na kikomo cha MB 2, na picha ya simu ya leo inavuka hapo kirahisi. Pandisha `upload_max_filesize`, `post_max_size`, na `max_allowed_packet` ya hifadhidata ya MariaDB. Ukimaliza kuweka, badilisha nywila ya `administrator` na ufute folda ya `admin`.

3. OpenProject. Inapendeza macho, na ukiiweka kwa pakeji ya Linux, `openproject run backup` inakusanya hifadhidata na viambatanisho kwa pamoja. Ila inataka RAM ya GB 4 kwa ajili yake, na baadhi ya vitu vimefungiwa toleo la kulipia.

Gitea, programu ya kuhifadhi msimbo yenye sehemu ya tiketi, ni nyepesi, na inafaa kama msimbo wenu tayari uko humo. `gitea dump` inachukua nakala, lakini kurejesha ni kwa mkono. Kanboard, yenye mbao za kazi, kwa watu watatu, sawa.

Sasa hawa wauzaji. Redmine na Mantis ziko chini ya GPL, ambayo ni leseni huria, hazina ada ya leseni, lakini mtu anakuja na karatasi ya "leseni ya mwaka" kwa dola, anaweka programu mchana mmoja, na nywila ya seva anaondoka nayo. Mlipe ufundi wake kwa shilingi, ni haki yake, leseni hakuna. Akikupigia debe la Jira Server, programu nyingine ya tiketi, mwambie matengenezo yake yalikoma tarehe 15 Februari 2024. Na malipo ya mwisho yashikilie mpaka arejeshe nakala kwenye mashine nyingine kabisa, afungue tiketi yenye picha mbele yako, na picha ionekane.